Dakika Arobaini Bila Kukutazama

Daftari la Spana lilikuwa na kurasa kumi na mbili zilizoandikwa mbele na nyuma, na katika kurasa zote hizo hakukuwa na mtoto hata mmoja.

Mkufunzi wetu alilifungua juu ya meza yake, akalifunga, akalifungua tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Sisi wawili tulikuwa tumesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Nisomee hapa," akamwambia Spana.

Spana akakohoa. "'4:10. Mwalimu anaingia darasani. 4:11. Mwalimu anafunga kilemba upya. 4:13. Mwalimu anacheka.'"

"Endelea."

"'4:14. Mwalimu bado anacheka.'"

Niligeuka nikaangalia dirishani. Mwalimu mwenyewe ndiye mimi, na masikio yalikuwa yananiwaka.

"Darasa lile lilikuwa na watoto thelathini na wawili," Mkufunzi alisema. "Wako wapi?"

"Ukurasa wa saba, Madamu. Yupo mmoja."

Mkufunzi akafunua. "'4:29. Mwalimu amechuchumaa kumfunga mtoto kamba za viatu.' Mtoto gani huyu? Wa kike, wa kiume? Alikuwa anacheza, au amekaa analia?"

"Viatu vilikuwa vyeusi," Spana alisema kwa sauti ndogo.

Mungu anisamehe, nilicheka. Mkufunzi alinitupia jicho moja tu, kicheko kikarudi kilikotoka.

Niseme kidogo kuhusu kazi yetu, maana hata jirani zangu huwa hawaielewi. Tulikuwa watu kumi tunaojifunza kufundisha dansi katika shule za msingi na kumbi za jamii. Tulitumwa wawili wawili. Mmoja anafundisha, mwenzake anakaa pembeni na daftari. Mwenye daftari ana sheria mbili tu: andika ulichokiona, usiandike ulichokifikiri, na macho yako yawe kwa wanafunzi, si kwa mwalimu.

Mimi nilikuja pale baada ya miaka sita ya kucheza jukwaani, kichwa kimenivimba, nikidhani kufundisha ni kucheza mbele ya watu wengi zaidi. Wiki ya kwanza Mkufunzi alinitazama nikizunguka na kuruka mbele ya watoto waliokuwa wamekaa wananikodolea macho, akaja akaninong'oneza, "Unacheza vizuri sana. Sasa acha, wacheze wao." Nililia chooni kama robo saa. Nilipotoka nilimkuta Spana ameshika kopo la maji mlangoni. Hakusema pole wala nini, alinipa maji tu.

Jina la Spana alipewa na wenzetu kwa sababu alikuwa fundi wa pikipiki kwa miaka mitano kabla ya kuja. Mikono yake ilikuwa na mistari myeusi ya oili ambayo sabuni ilishanyoosha mikono juu. Watoto wa mtaani kwake walikuwa wakicheza mbele ya gereji yake kila jioni, akaanza kuwapangia mistari, akaanza kuwahesabia, mpaka siku moja akagundua ameacha injini wazi tangu mchana.

Kitu kilichompa tabu chuoni ni kile tunachokiita kioo. Ukisimama kuwatazama wanafunzi, unasema "mguu wa kulia" huku wewe unatoa wa kushoto, ili wakuone kama wanavyojiona kwenye kioo. Mwezi mzima Spana alikuwa akigongana na watoto. Kisha siku moja kikamwingia, na kilipomwingia kikakataa kutoka. Alianza kupoteza watu barabarani. Mtu akimuuliza posta iko wapi, anamwonyesha kulia, na posta iko kushoto. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

"Sikiliza, kijana," Mkufunzi alisema, akalifunga daftari. "Wewe hutazami somo. Unamtazama mwalimu. Keshokutwa Alhamisi, mwenzako anafundisha wazee pale ukumbini. Ndiyo mara yake ya mwisho, na ya kwako. Utakaa nyuma yake, uwatazame wazee. Ukimwandika yeye hata mara moja, unarudia muhula. Na mimi nitakuwepo, nione macho yako yanakwenda wapi."

"Sawa, Madamu."

"Na wewe," akanigeukia, "usimwite kwa macho."

"Mimi? Mimi simwiti, Madamu."

"Hm," alisema. "Nendeni."

Tulishuka ngazi. Chini kabisa, pale yanapokaa magodoro ya mazoezi, Spana alisimama.

"Umekasirika?"

"Kwa nini uliandika kilemba changu?"

"Sheria inasema andika ulichokiona." Alijikuna kichwa. "Ndicho nilichokiona."

"Watoto thelathini na wawili walikuwa wanarukaruka mbele yako, wewe ukaona kilemba."

"Na kucheka. Niliandika kucheka mara sita."

Nilitaka kununa kidogo zaidi, kwa raha zangu tu, lakini nilimkumbuka baba na kununa kukanitoka.

"Unajua ukirudia muhula baba atasema nini."

Uso ulimshuka. "Najua."

Wiki mbili kabla ya hapo Spana alikuwa amekuja nyumbani, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka limekakamaa. Baba alimpokea vizuri, akamkalisha, akamuuliza habari za wazazi. Kisha akaingia kwenye kazi.

"Nasikia ulikuwa fundi."

"Ndiyo, mzee."

"Ilikushinda?"

"Hapana, mzee. Niliipenda sana."

"Ukaiacha."

"Nilipata nyingine ninayoipenda zaidi."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Nilisikia mfuniko wa sufuria ukianguka. Alipoondoka mgeni, baba aliniita akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Mama, kijana huyu sina ubaya naye. Lakini mtu anayeacha anachokipenda kwa sababu amepata anachokipenda zaidi, kesho na wewe utakuwa kile cha kwanza." Nikasema hapana, baba, si hivyo. Akasema, "Basi anionyeshe kitu kimoja alichokishika mpaka mwisho. Akinionyesha, nitanyamaza."

Kwa hiyo unaona. Lile daftari halikuwa daftari tena.

"Nitakushangaza Alhamisi," Spana aliniambia pale kwenye magodoro. "Sitakutazama kabisa. Utadhani tumegombana."

"Utaweza?"

"Usiniulize hivyo ukiwa umesimama karibu namna hiyo."

*

Alhamisi saa nne kasoro robo nilikuwa ukumbini napanga viti kwa nusu duara. Lilikuwa somo la kukaa, la wazee ambao kusimama muda mrefu kunawachosha. Shangazi alikuwa hakosi hata wiki moja. Siku hiyo alikuja amemshika baba mkono.

Nilibaki na kiti hewani.

"Shikamoo, baba. Vipi tena?"

"Marahaba. Shangazi yako mguu unamuuma, anasema hawezi kuja peke yake."

Shangazi alinikonyeza nyuma ya bega la baba. Mguu wake ulikuwa mzima kama wa mtoto. Mwenye mguu mbovu ni baba: tangu ateleze bafuni, goti lake la kulia lilikuwa limekakamaa, na hospitalini walikuwa wamemwambia asogeze mwili. Alisema mwili anausogeza kutoka kitandani mpaka kitini, inatosha.

"Karibu ukae na wenzako, baba."

"Mimi si wa humu. Nasindikiza tu." Akajitafutia kiti cha mwisho, karibu na mlango, akafungua gazeti na kutoa kalamu yake nyekundu mfukoni. Baba alikuwa msoma prufu, mtu wa kusahihisha maandishi kabla hayajachapwa, katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja. Amestaafu, lakini hajawahi kusoma gazeti bila kulisahihisha. Nyumbani kwetu hata karatasi ya maelekezo ya dawa ina alama nyekundu.

Spana akaingia, akamwona baba, akasimama wima kama aliyepigwa na umeme.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Gazeti halikushuka.

Mkufunzi alikuja akakaa pembeni, miguu amekunja. Spana akapita mbele yangu kwenda kwenye kiti chake nyuma yangu, akiwa ametazama sakafu. Sikuona hata kope zake. Nikasikia kiti kikilia, kalamu ikifunguliwa.

"Habari za asubuhi, wazee wangu!"

"Nzuri, mwalimu!"

Tukaanza na mabega. Kupandisha, kushusha, kuzungusha. Bibi mmoja aliyekuwa mkunga alisema mabega yake yana kelele kuliko mlango wa kwake, wakacheka wote. Mzee mwingine, dereva wa zamani wa lori, aliendelea kuzungusha mikono kama ameshika usukani hata baada ya mimi kusema tupumzike. Nilikuwa nawapenda sana. Hawa hawakutaka nicheze vizuri. Walitaka niwasubiri.

Lakini niseme ukweli wangu. Nusu ya akili yangu ilikuwa mgongoni. Kwa miezi minne nilikuwa nimezoea macho yale. Nikikosea yalikuwepo, nikipatia yalikuwepo. Leo nyuma yangu kulikuwa na sauti ya kalamu tu, na kila ilipokwaruza nilijua ameona kitu, na kitu chenyewe si mimi. Nilimwonea wivu mkunga wa watu, mwenye miaka sabini na tano.

Katikati ya somo niliangusha kengele ndogo ninayotumia kuashiria mabadiliko. Ilibingirika mpaka nyuma. Wazee wakapiga kelele, "Mwalimu, kengele!" Nikageuka kuifuata. Ilikuwa imeishia kwenye kiatu cha Spana. Niliinama, mkono wangu ukapita sentimita chache kutoka kwenye goti lake. Alikuwa anaandika. Shingo ilikuwa imemkaza, jasho limemtoka juu ya mdomo, lakini uso haukunyanyuka. Nilichukua kengele yangu nikarudi mbele, moyo unadunda kuliko wakati wa kupasha mwili.

"Sasa miguu," nilisema. "Tunagonga sakafu. Hesabu nane. Kulia kwanza." Nikatoa wa kushoto wangu. "Moja, mbili, tatu, nne. Badili. Tano, sita, saba, nane. Ambaye mguu mmoja unamsumbua, agonge na ule mzima tu. Hakuna anayesimamia."

Kutoka pale mbele nilikuwa naona vizuri watu wote isipokuwa wa karibu na mlango, maana jua la mlangoni lilinipiga usoni. Baba kwangu alikuwa kivuli chenye gazeti. Kisha sikuliona gazeti. Nikadhani ametoka nje.

Tulimaliza kwa kupumua, mikono tumboni. "Vizuri sana, wazee wangu," nikasema, na sauti ikanitetemeka, kwa kuwa ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Shangazi alipiga makofi, wote wakafuata.

Mkufunzi aliinuka, akamnyooshea Spana mkono apewe daftari. Kabla halijafika kwake, baba alikuwa ameshafika. Sijui alivuka ule ukumbi saa ngapi na goti lile.

"Samahani, mwalimu mkubwa," alimwambia Mkufunzi. Kisha akamgeukia Spana. "Kijana, nilikuona unaniandika."

Spana alisimama. "Ndiyo, mzee. Niliwaandika wote."

"Mtu akiandikwa ana haki ya kusoma kabla hakijaenda mtamboni. Nipe."

Spana alimtazama Mkufunzi. Mkufunzi akainua mabega, na ningeapa niliona midomo yake ikitaka kucheka. Baba akapokea daftari, akavaa miwani vizuri, akachomoa kalamu nyekundu. Nikakaa kwenye kiti cha mkunga.

Alisoma kimya ukurasa wa kwanza. Wa pili. Anaposoma baba hupitisha kalamu chini ya kila mstari bila kugusa karatasi. Ukurasa wa tatu alianza kusoma kwa sauti, taratibu, kama alivyokuwa akimsomea mwenzake kiwandani.

"'4:03. Mzee wa mlangoni anasoma gazeti. 4:09. Anasoma. Hajafunua ukurasa tangu 4:03.'" Kalamu ikashuka mstari. "'4:16. Ameshusha gazeti mpaka kifuani. Anamtazama binti anayefundisha.'"

"Umemwandika mwalimu," Mkufunzi akadakia.

"Sikumwandika yeye, Madamu," Spana alijibu haraka. "Nimeandika macho ya mzee. Yalikuwa yanakwenda huko."

Mkufunzi alifikiri. "Haya. Hiyo naikubali."

Baba aliendelea. "'4:21. Gazeti liko sakafuni. 4:22. Hesabu nane ya kwanza. Mzee anagonga mguu wa kulia. 4:23. Bado anagonga. Midomo yake inahesabu.'"

Shangazi alifunika mdomo kwa kiganja. Hata dereva wa lori aliacha usukani.

Kalamu ya baba ilisimama. Ikarudi mstari mmoja nyuma. Ikagusa karatasi.

"Hapa pana kosa," alisema.

Spana alisogea karibu. "Wapi, mzee?"

"Umeandika mguu wa kulia. Goti langu bovu ndilo la kulia, ningegongaje nalo? Nilikuwa nagonga wa kushoto."

Alikata neno kwa mstari mmoja mwekundu ulionyooka, akaandika jipya juu yake. Alikuwa ameshamaliza kuandika ndipo nilipoona kalamu inasita hewani, na baba anatambua alichokisema mbele ya watu kumi na saba.

"Kwa hiyo ulikuwa unacheza," shangazi alisema.

"Nilikuwa nasahihisha," alisema baba.

Ukumbi mzima ulicheka. Spana peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake, ameiinua kidogo, wa kulia na wa kushoto, anajaribu kukumbuka upi ni upi. "Ni kioo, mzee. Nisamehe. Nilikuwa nimekutazama kwa mbele, nikaona kama kioo."

"Nimekuelewa. Kila kazi ina ugonjwa wake." Baba akafunua kurasa zilizobaki mpaka mstari wa mwisho. Huu hakuusoma kwa sauti. Aliusoma, akabaki palepale. Baadaye sana Spana alinionyesha. Ulisema: *4:41. Mwalimu amesema vizuri sana. Mzee wa mlangoni amevua miwani. Hakufuta miwani. Amefuta macho.*

Baba hakubadilisha neno. Chini ya ukurasa aliweka alama ndogo, duara lenye mkia, ninayoijua tangu utoto. Ni alama aliyokuwa akiiweka kiwandani kwenye ukurasa uliokuwa tayari kuchapwa, na wenzake walisema ilikuwa ngumu kuipata kuliko likizo.

"Binti yangu yuko wapi humu?" akauliza. "Alikuwa mbele yako muda wote."

"Hayumo, mzee. Nilikatazwa kumtazama."

"Dakika arobaini?"

"Arobaini na mbili."

"Hukuibia hata mara moja?"

"Hapana, mzee."

"Hata kengele ilipoanguka? Mimi niliona. Alikuwa hapa." Baba alionyesha kwa kalamu, karibu na goti la Spana.

"Hapo ndipo..." Alijipangusa jasho juu ya mdomo. Akajaribu tena. "Hapo ndipo ilikuwa ngumu zaidi, mzee. Niliandika jina la rangi ya viti mara tatu ili mkono usisimame. Utaona, yapo hapo, njano, njano, njano."

Baba alirudi nyuma kurasa mbili, akayaona. Hakuyakata.

"Nilikuomba kitu kimoja ulichokishika mpaka mwisho," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Baba alifunga kalamu yake. Ilitoa ule mlio mdogo ambao nyumbani kwetu huwa na maana kwamba kazi imeisha. Akamrudishia daftari, na alipomrudishia alilishika upande wake sekunde moja zaidi, mpaka Spana akainua uso.

"Haya, mwanangu," alisema. "Mtazame sasa."

Spana akageuza kichwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mkunga na kengele mapajani, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.